Sauti ya Besi Inaposema "Mimi"

Asubuhi ya tarehe 18 Desemba 1962, jijini Moscow, saa chache kabla ya onyesho, mwimbaji wa besi, sauti ya chini kuliko zote za kiume, Viktor Nechipailo, alitoa habari kwamba hataweza kuimba jioni ile. Jumba la opera alikoajiriwa lilikuwa limemhitaji ghafla azibe pengo la mwenzake, na ni vigumu kuamini kwamba pengo lile lilijitokeza lenyewe. Kabla yake Boris Gmyrya, besi mashuhuri wa Ukraine, alikuwa amekwisha kujitoa baada ya kushauriana na wakubwa wa chama. Yevgeny Mravinsky, mwongozaji wa okestra aliyezipeleka jukwaani simfoni kadhaa za mtunzi Dmitri Shostakovich kwa mara ya kwanza, naye alikuwa ameikataa hii ya kumi na tatu, iliyokuwa ipigwe jioni ile. Kirill Kondrashin, aliyekubali kuiongoza, aliitwa simuni katikati ya zoezi la mwisho, na waziri aliyekuwa upande wa pili akamuuliza kama kazi hiyo haiwezi kupigwa bila sehemu yake ya kwanza. Kondrashin alijibu kwamba haiwezekani. Akasimama kijana aliyekuwa amejifunza nafasi hiyo kama akiba tu, Vitaly Gromadsky, na jioni ile ndiye aliyeimba.

Dola iliyokuwa na makombora ya nyuklia ilikuwa inahangaika kuzuia mtu mmoja asifungue kinywa. Jambo hilo linanishughulisha kuliko muziki wenyewe, kwa sababu maneno yaliyoogopwa hayakuwa siri. Shairi la Yevgeny Yevtushenko, linaloimbwa katika sehemu ile ya kwanza, lilikuwa limechapishwa gazetini Septemba 1961, na waliotaka kulisoma walikwisha kulisoma. Kilichoogopwa ni maneno yale yale yakipewa koo la besi, na nyuma yake kwaya nzima ya wanaume wa besi, bila tenori, bila alto, bila soprano. Usiku ule maneno hayakuchapishwa katika programu ya onyesho. Aliyetaka kuyajua ilimbidi ayasikilize.

Yalihusu bonde la Babyn Yar, lililoko Kyiv. Tarehe 28 Septemba 1941 matangazo yalibandikwa katika mji huo, uliokuwa umetekwa na jeshi la Ujerumani siku tisa tu kabla, yakiwaamuru Wayahudi wote wafike kesho yake saa mbili asubuhi kwenye njia panda iliyotajwa, wakiwa na vitambulisho, fedha, vitu vya thamani na nguo za baridi. Maneno hayo mawili ya mwisho hunirudia kila nisomapo habari hizi. Anayeambiwa achukue nguo za baridi huamini kwamba kuna mahali anapelekwa, na kwamba huko aendako kuna mtu amefikiria kwamba atasikia baridi. Wazee, kina mama na watoto walikwenda na mabegi. Kwa siku mbili, tarehe 29 na 30, walipigwa risasi kwenye ukingo wa bonde. Tunajua idadi ya waliouawa katika siku hizo, watu 33,771, kwa sababu wauaji wenyewe waliihesabu na kuiandika katika taarifa ya kikazi waliyoipeleka Berlin.

Kiswahili huuita uovu wa namna hiyo unyama, na mimi pia nimezoea kulitumia neno hilo, lakini kila nikilitazama kwa karibu naona linamsingizia mnyama. Simba haandiki taarifa. Fisi habandiki tangazo ukutani, wala hamwambii swala achukue nguo za baridi. Neno letu jingine, ushenzi, lina kasoro mbaya zaidi, maana watu wa miji ya pwani walilitumia kuwaita watu wa bara, wale ambao desturi na lugha zao waliziona duni. Wayunani wa kale walifanya jambo lile lile: waliwaita wageni kwa jina lililoiga mlio wa maneno wasiyoyaelewa, bar-bar, na kutokana na mlio huo lugha za Ulaya zimepata neno lao la ukatili uliovuka mipaka. Kwa hiyo neno hilo lilianza kama kauli kuhusu sauti. Mshenzi alikuwa mtu ambaye sauti yake mimi naisikia kama kelele. Nadhani mzizi huo unaeleza mauaji vizuri kuliko maana lililoipata baadaye, kwa kuwa hakuna umati uliopelekwa bondeni bila kwanza sauti zao kuhesabiwa kelele.

Hapo ndipo swali la sauti nzito linapoanza kuwa na uzito wake. Kwa nini watunzi wa karne ya 20 waliotaka kuyasema mambo haya waliyakabidhi mara kwa mara kwa besi na kwa baritoni, sauti iliyo juu kidogo ya besi? Jibu la haraka ni kwamba sauti ya chini ni sauti ya majonzi, kama kengele kubwa, kama ngoma ya msiba. Jibu hilo lina ukweli kidogo, lakini silikubali. Kilio chenyewe, kile kinachotoka kwa mtu aliyefiwa, hupanda juu, hakishuki. Anayetaka kuiga kilio angechagua soprano.

Sababu ya kwanza ni ya kimaumbile. Nyuzi za sauti za mwanaume mzima ni ndefu na nene, kati ya milimita 17 na 25, na akizungumza hutetema takribani mara 85 hadi 180 kwa sekunde. Noti za chini na za kati za besi na baritoni ziko humo humo mwanamume anamozungumzia. Tenori anapopanda kwenye kilele chake tunamshangaa, na silabi zinaanza kutupotea. Baritoni anaweza kuimba ukurasa mzima huku kila irabu na kila konsonanti ikisimama mahali pake, kama mtu anayetoa ushahidi akiwa wima. Aliyewahi kusimama katika safu ya besi, kama nilivyosimama mimi miaka kadhaa, anajua pia jambo ambalo msikilizaji wa redio halipati: noti ya chini kabisa haisikiki tu masikioni, inasikika mbavuni. Jirani yako anapoishika, ubao wa sakafu unakuletea habari zake nyayoni. Usipoisikia sauti yako mwenyewe kati ya nyingine, hapo ndipo mwalimu anapoinua kichwa na kusema sawa.

Sababu ya pili ndiyo inayonifanya niandike makala hii. Sauti nzito ni sauti ya mamlaka. Watu huiamini haraka kuliko wanavyopaswa. Humpa heshima anayeitumia kabla hawajapima alichosema. Ni sauti ya baba anapokataza, ya hakimu anaposoma hukumu, ya kamanda anapopanga safu. Katika opera, kwa karne nyingi, wafalme, makuhani wakuu na mashetani wamekuwa mabesi na mabaritoni. Na katika mauaji ya halaiki amri nazo, tangu ofisini hadi ukingoni mwa shimo, zilitolewa zaidi na sauti za wanaume. Mtunzi anayempa besi maneno ya waliouawa anachukua chombo kile kile kilichotoa amri na kukilazimisha kifanye kazi kinyume.

Sikiliza kinachotendeka katika sehemu ya kwanza ya simfoni ile. Kengele inagonga, ala za chini zinatambaa, na kwaya inaingia kwa sauti moja ikisema kwamba juu ya Babyn Yar hakuna mnara wa kumbukumbu. Kisha besi peke yake anaanza kusema "mimi". Anasema anajiona yeye ni Myahudi wa Misri ya kale. Anasema yeye ni Dreyfus, afisa Myahudi wa jeshi la Ufaransa aliyesingiziwa uhaini. Anasema yeye ni mtoto wa Białystok anayepigwa teke na walevi wanaonuka vodka. Halafu anasema yeye ni Anne Frank. Mwanaume mzima mwenye kifua kipana, mwenye sauti inayoweza kutikisa ukumbi, anasema yeye ni msichana aliyejificha ghorofani, na hajaribu hata kidogo kuifanya sauti yake nyororo. Shostakovich angeweza kumpa maneno hayo soprano, na tungelia kwa raha. Alikataa. Okestra inaanza kugonga kama watu wanaovunja mlango, msichana anauliza ni nini hicho, anaambiwa ni barafu ya mtoni inapasuka, na sisi tulioketi tunajua kwamba si barafu. Mwishoni besi anasema yeye ni kila mzee aliyepigwa risasi hapa, na kila mtoto. Sauti ya mamlaka imenyang'anywa amri zake, na kilichobaki mkononi mwake ni ushahidi.

Viongozi wa Kisovyeti walielewa hilo upesi. Msimamo wao ulikuwa kwamba waliokufa pale walikuwa raia wa Kisovyeti, basi, bila kutaja kwamba siku zile mbili watu waliitwa kwa Uyahudi wao. Baada ya maonyesho ya kwanza Yevtushenko alibanwa hadi akaandika mistari mipya ya kuweka badala ya mingine, inayosema kwamba Warusi na Waukraine nao wamelala katika ardhi ile. Hilo lenyewe ni kweli, maana bonde liliendelea kupokea maiti za watu wengine kwa miaka iliyofuata. Lakini kweli hiyo iliitwa ili kuifunika nyingine. Shostakovich aliacha mistari mipya iimbwe ili kazi iendelee kupigwa, lakini katika karatasi zake mwenyewe hakubadilisha kitu.

Nisije nikaeleweka kwamba sauti nzito ina usafi wa kuzaliwa. Viktor Ullmann, mtunzi aliyefungwa katika ghetto ya Terezín, alikuwa ameliona hilo kwa macho yake, na mwaka 1943 na 1944 aliandika humo humo opera ndogo ambayo naihesabu miongoni mwa kazi za kijasiri kuliko zote za karne ile. Katika opera hiyo mfalme anatangaza vita vya wote dhidi ya wote. Kifo, mzee aliyezoea kazi ya taratibu na heshima, anachukizwa na mauaji ya kiwanda na kugoma, na tangu hapo hakuna mtu anayeweza kufa. Ugawaji wa sauti ndio wa kutazamwa. Mfalme ni baritoni, Kifo ni besi, na kuna mhusika mwingine mwenye sauti ya chini ambaye jina lake ni Kipaza Sauti. Ullmann alijua amri hufikaje kwa watu. Opera ilifanyiwa mazoezi lakini haikuonyeshwa huko. Oktoba 1944 alipelekwa katika kambi ya mauaji ya Auschwitz pamoja na wengi waliokuwa wakiifanyia mazoezi, na akauawa. Karel Berman, besi aliyekuwa akijifunza nafasi ya Kifo, alinusurika na kuendelea kuimba kwa miaka mingi baada ya vita. Opera yenyewe ilisubiri hadi Desemba 1975, ilipoonyeshwa Amsterdam.

Kipaza sauti hicho hakikubaki Ulaya. Desemba 2008, mjini Arusha, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilimhukumu Simon Bikindi, mwanamuziki aliyependwa sana nchini mwake, kifungo cha miaka 15. Majaji waliona kwamba nyimbo zake zilikuwa zimechochea chuki, lakini hatia yenyewe iliwekwa juu ya maneno aliyoyatoa mwishoni mwa Juni 1994 akiwa katika msafara wa magari uliokuwa na vipaza sauti, kwenye barabara ya kati ya Kivumu na Kayove, akiwataka walio wengi, yaani Wahutu, wawamalize Watutsi waliobaki. Watu waliitambua sauti ile. Walikuwa wameicheza harusini. Na Auschwitz kwenyewe zilikuwapo bendi za wafungwa zilizopiga machi asubuhi wafungwa walipotoka kwenda kazini na jioni waliporudi wakibeba wenzao waliokufa. Anayeamini kwamba muziki mzuri humfanya mtu awe mwema na aniambie bendi zile zilimfanya nani awe mwema.

Miezi saba kabla ya usiku ule wa Moscow, tarehe 30 Mei 1962, baritoni mwingine alikuwa amesimama Coventry, Uingereza. Kanisa kuu la mji huo lilikuwa limeteketezwa na mabomu ya Ujerumani usiku wa tarehe 14 Novemba 1940, katika shambulio lililoua zaidi ya watu 500, na sasa jipya lilikuwa limejengwa ubavuni mwa magofu. Benjamin Britten alitunga misa ya wafu kwa ajili ya kulizindua, akapenyeza ndani ya Kilatini cha misa mashairi ya Wilfred Owen, askari Mwingereza aliyeuawa mwaka 1918 wiki moja tu kabla vita havijasimama. Waimbaji pekee alitaka wawe watatu: Mrusi, Mwingereza na Mjerumani. Mrusi, Galina Vishnevskaya, alizuiwa na serikali yake, na Heather Harper akajifunza nafasi hiyo kwa siku chache tu. Mjerumani alikuwa Dietrich Fischer-Dieskau.

Huyu hakualikwa kama alama tu. Alikuwa amevaa sare ya jeshi lile. Aliandikishwa mwaka 1943 akiwa bado kijana, akatunza farasi katika medani ya Urusi, akatekwa Italia mwaka 1945, na akiwa mfungwa aliwaimbia wafungwa wenzake. Ndugu yake Martin, aliyezaliwa na ulemavu, alichukuliwa na dola la Wanazi na kupelekwa katika taasisi ambako aliachwa afe kwa njaa. Kwa hiyo baritoni aliyesimama Coventry alikuwa wa upande ulioua na pia wa nyumba iliyouliwa mtu wake, na hali zote mbili zilikaa katika koo moja.

Britten alimpa nafasi ya askari aliyekufa. Katika shairi la mwisho tenori anaingia kwenye handaki lenye kiza na kukutana na mtu, na mtu huyo, kwa sauti ya baritoni, karibu bila ala yoyote, anamwambia kwamba yeye ndiye adui uliyemuua, rafiki yangu. Fischer-Dieskau alieleza baadaye kwamba marafiki zake waliokufa walimjia wote, na ilipokwisha hakujua pa kuuficha uso wake. Alilia hadi ikawa shida kumtoa mahali alipokuwa ameketi.

Naipenda kazi hiyo, na bado nina neno nayo. Maiti wake ni wanajeshi. Wawili wanaokutana handakini walikuwa wote na silaha, na kila mmoja angeweza kumuua mwenzake, ndiyo maana wanaweza kuambiana walale sasa. Mama wa Kyiv aliyekwenda na begi la nguo za baridi hakuwa adui wa mtu, wala hana wa kulala naye kwa amani katika shimo lile. Upatanisho wa Coventry ni wa kweli kati ya askari na askari. Ukivutwa kufunika na mauaji ya wasio na silaha, unakuwa faraja isiyo haki ya anayefarijiwa. Ndiyo sababu nikilazimishwa kuchagua kati ya kazi hizi mbili za mwaka mmoja, nitachagua ya Moscow, ambayo haimpi mtu usingizi.

Baritoni wa tatu hawezi kuachwa. Paul Robeson, mtoto wa mtu aliyetoroka utumwani North Carolina, alikuwa na sauti iliyo kati ya besi na baritoni, pana kiasi kwamba wazungu waliokataa kuketi naye mezani walilipa fedha kumsikiliza. Katika miaka ya 1930, akiwa London, alijifunza lugha kadhaa za Afrika, Kiswahili kikiwa mojawapo. Wimbo uliompa umaarufu mkubwa, "Ol' Man River", uliandikwa kwa ajili ya mtu mweusi aliyechoka, anayeutazama mto ukipita na asiyedai lolote, na kwa sauti kama ile uchovu huo ulipendeza mno. Robeson aliyabadilisha maneno. Mahali pa kuchoka na kuogopa kufa akaweka kuendelea kupigana hadi kufa. Ni silabi chache tu, tena kwa noti zile zile, na sauti nzito iliyotarajiwa kuvumilia ikaacha kuvumilia.

Septemba 1946 aliongoza ujumbe uliokutana na Rais Truman na kudai sheria ya nchi nzima dhidi ya mauaji ya watu weusi yaliyofanywa na makundi ya wazungu; aliambiwa wakati haujafika. Mwaka 1949, karibu na Peekskill katika jimbo la New York, onyesho lake la kwanza lilivunjwa kwa vurugu kabla hajaimba, na la pili lilipokwisha magari na mabasi ya wasikilizaji yalipigwa mawe njiani, zaidi ya watu 100 wakaumia. Mwaka uliofuata alinyang'anywa pasi ya kusafiria. Mei 1957 aliwaimbia watu wa London kupitia waya wa simu uliolala chini ya bahari ya Atlantiki, mwili ukiwa umefungiwa Marekani na sauti imevuka. Sheria aliyomwomba Truman ilitiwa saini Machi 2022.

Mwezi huo huo, tarehe 1, makombora ya Urusi yalilenga mnara wa televisheni wa Kyiv, ulio jirani na Babyn Yar, na watu watano wakauawa. Siku hizi bondeni pale kuna minara ya kumbukumbu: wa mwaka 1976, ambao hautaji Wayahudi, na wa mwaka 1991, wenye umbo la kinara chao cha matawi saba. Simfoni haikurekebishwa kwa ajili hiyo. Kengele inagonga, na mabesi wanaingia pamoja wakisema kwamba juu ya Babyn Yar hakuna mnara.